Mhesabu wa Nyota, Mponya wa Mioyo

Someni Zaburi ya 147, aya ya 3 na ya 4.

Ndugu wapendwa katika Bwana, ninyi wa sharika za mjini Morogoro na ninyi mkaao milimani Uluguru, wazee wa kanisa, wainjilisti na Wakristo wote, salamu.

Aya hizi mbili ni fupi, nazo zimewekwa pamoja kama watu wawili walioketi juu ya mkeka mmoja. Ya kwanza yaeleza jinsi Mungu anavyowatibu wenye huzuni, kama mtu afungaye kidonda cha mwenziwe. Ya pili yaeleza kwamba Mungu huyo huyo azijua nyota hesabu yake, na kila moja ina jina mbele zake. Asomaye upesi hudhani kwamba mwimbaji ameruka kutoka nyumba ya msiba hata juu mbinguni, wala hakuweka daraja katikati. Nami nalidhani hivyo miaka mingi. Daraja lile nilionyeshwa mwezi wa Desemba uliopita, na ndiyo habari nitakayo kuwaandikia.

Asubuhi moja mwinjilisti wa mtaa mmoja wa upande wa Matombo alipiga hodi kwangu. Nguo zake zilikuwa zimelowa umande, maana alikuwa ameshuka mlima usiku. Nikamkaribisha, nikamwuliza habari za huko. Akasema, “Njema, Baba Mchungaji; ila tumefiwa.”

Akanieleza. Mtoto wa miaka minne alishikwa na malaria. Mvua ya vuli ilikuwa imeharibu njia, hata walipomfikisha zahanati nguvu zilikuwa zimekwisha. Wakamzika. Usiku wa pili wa matanga mawingu yalifunguka, na watu waliokuwa wakiota moto nje wakaona kimondo kikubwa kikipita kwa nuru kali, kisha kikazimika juu ya kilima. Mzee mmoja akauliza, “Kimeangukia kwa nani?” Mwingine akanyosha mkono. Chini ya kilima kile akaa mjane mzee, peke yake, hana mtoto aliye karibu. Hakuna aliyelitamka neno uchawi, lakini wote walilisikia. Kulipokucha, hakuna aliyekwenda kwake kuomba kaa la moto. Tena mjomba wa mtoto, ambaye kwa desturi ya Waluguru neno lake ni zito katika mambo ya ukoo, alisema kwamba matanga yakiisha atakwenda kwa mganga kupiga bao.

“Sasa, Baba Mchungaji, niwaambie nini?” akauliza. “Nikisema kwamba vimondo ni kazi ya Mungu, watanijibu kwamba basi Mungu mwenyewe ametuonyesha mchawi.”

Ndugu zangu, swali lile lilikuwa zito. Nikaona kwamba haitoshi kusema “msiogope” kwa watu ambao hawajaelezwa kitu wakiogopacho ni nini. Basi tukaketi, nikamwambia mambo yaliyochunguzwa na wataalamu wa elimu ya nyota. Sisemi habari za wapiga ramli, wadaio kusoma bahati ya mtu katika nyota. Hao ni wengine. Nasema habari za watu wapimao, wahesabuo na kuandika, kisha wenzao huwakosoa hata kweli ionekane.

Kimondo si nyota iangukayo. Ni kijiwe kidogo, mara nyingi kama punje ya mchanga, kitokacho katika nafasi iliyo nje ya hewa yetu. Chaja kwa mwendo wa makumi ya kilometa kwa kila sekunde moja. Kikiingia katika hewa huwaka na kwisha. Kuwaka huko huwa juu sana, yapata kilometa 80 hata 100 kutoka chini. Fikirini basi: kitu kilicho juu kiasi hicho huonekana na watu wa Matombo, na wa Kilosa, na wa Dar es Salaam pia, usiku ule ule, na kila mmoja hudhani kimepita juu ya paa la jirani yake. Ikiwa kimondo ndicho shahidi, kimewashitaki wajane wa nchi nzima kwa mara moja.

Tena, kila mwaka dunia yetu hupita mahali palipojaa vumbi lililotoka katika jiwe kubwa liitwalo Phaethon, lizungukalo jua. Ndiyo sababu kila mwaka, usiku wa 13 na 14 Desemba, vimondo huonekana kwa wingi. Mtoto yule angalikuwa mzima akicheza uani, kimondo kile kingalipita vivyo hivyo. Je, mchawi hufuata kalenda?

Yako mawe machache makubwa yasiyokwisha kuungua, nayo hufika chini. Mojawapo liko katika nchi yetu, huko Mbozi katika mkoa wa Songwe: sehemu yake kubwa ni chuma, urefu wake yapata meta 3, uzito wake yapata tani 16. Watu wa huko walilijua na kuliheshimu tangu zamani, kabla wageni hawajaandika habari zake mwaka 1930. Hata leo lipo, na wanafunzi huenda kulitazama na kuligusa kwa mikono yao.

Mwinjilisti akasema, “Na jua likipatwa?” Nikamkumbusha siku ya 1 Septemba 2016. Siku ile mwezi ulipita mbele ya jua, na huko Rujewa, wilaya ya Mbarali, watu waliliona jua limebaki kama pete ya moto angani. Sisi wa Morogoro tuliliona limeliwa sehemu tu. Zamani watu wangalipiga madebe na kulia. Lakini mwaka ule wataalamu walikuwa wametangaza mapema siku, saa, na mahali pa kusimama. Walimu wakawapeleka watoto pamoja na miwani maalumu ya kukinga macho, maana kulitazama jua kwa macho matupu huyaharibu. Saa ikatimia, mwezi ukapita, jua likarudi. Tena hesabu hizo zaonyesha kwamba 21 Mei 2031 pete kama ile itaonekana tena katika nchi yetu. Jambo liwezalo kuandikwa katika kalenda miaka mingi mbele halikutumwa na jirani mwenye kijicho.

Hata jua lenyewe halikai kimya. Juu ya uso wake mna madoa meusi, na hesabu ya madoa hayo huongezeka na kupungua katika muda wa miaka yapata 11. Mwezi wa Oktoba 2024 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba jua limefika katika kipindi cha ukali wake. Katika kipindi hicho jua hutupa mawimbi ya chembe zenye umeme, kama tufani. Tarehe 10 Mei 2024 tufani kubwa ilifika duniani, iliyopita zote tangu mwaka 2003. Katika nchi nyingi mbingu za usiku zikang'aa rangi nyekundu na kijani, na huko Marekani wakulima waongozao matrekta yao kwa setilaiti wakasimamisha kupanda, maana vyombo vyao vilipotea njia.

Siku mbili baadaye, Jumapili 12 Mei 2024, intaneti ilikatika katika sehemu kubwa ya Tanzania na nchi za jirani. Mtu angeweza kusema, “Jua limetupiga!” Lakini sababu ilikuwa nyingine: nyaya zilizolazwa chini ya bahari zilikuwa zimekatika upande wa Afrika Kusini. Mambo mawili yalifuatana, lakini moja halikulizaa jingine. Ndugu zangu, likumbukeni neno hili. Kifo kilikuja, kimondo kikafuata. Tena mjane akaa chini ya kilima. Mambo matatu haya hayana kamba iyafungayo, ila kamba iliyosukwa na hofu yetu.

Kisha tukatoka nje, nikamwambia habari za nyota zenyewe. Wazee wetu walikijua Kilimia, wakasema kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Walitazama mbingu ili wajue wakati wa kushika jembe, wala si ili wamjue wa kumchukia. Na jina lenyewe latoka katika kulima. Leo wataalamu wamepima, wakaona kwamba nuru ya Kilimia husafiri yapata miaka 440 hata itufikie, ingawa nuru hukata yapata kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Nuru uionayo ukisimama shambani Matombo iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593.

Na Kilimia ni jirani. Ule mkanda mweupe ukatao mbingu katika usiku wa Julai na Agosti ndio jamii yetu ya nyota, iitwayo galaksi. Ndani yake mna nyota zaidi ya bilioni 100, na jua letu ni moja tu kati ya hizo. Katika kitovu chake mna kitu kizito kama majua milioni 4, ambacho nuru yenyewe haiwezi kutoka ndani yake. Wakiita shimo jeusi. Tarehe 12 Mei 2022 picha ya kivuli chake ilionyeshwa ulimwenguni kwa mara ya kwanza. Katika kuyatafuta mambo ya namna hii pwani yetu ilikuwa na sehemu yake: tarehe 12 Desemba 1970, siku ya ukumbusho wa uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, nayo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Hiyo ndiyo ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi ya kuzitafuta eksirei zitokazo mbinguni, na kazi yake ilisaidia kuwaonyesha watu kwamba mashimo meusi yako kweli.

Tena galaksi yetu si ya pekee. Katika usiku wa Desemba usio na mwezi, ukitazama kusini kutoka mtelemko wa mlima, utaona mawingu mawili madogo yasiyosogezwa na upepo. Hayo ni galaksi nyingine ndogo, na nuru ya lile kubwa husafiri yapata miaka 160,000 hata itufikie. Darubini iitwayo James Webb, iliyorushwa siku ya Krismasi mwaka 2021, imeona galaksi ambazo nuru yake ilianza safari zaidi ya miaka bilioni 13 iliyopita. Hesabu ya galaksi zote hukadiriwa kuwa mamia ya mabilioni, na wengine husema zaidi.

Mwinjilisti akanyamaza kitambo. Kisha akauliza swali ambalo naona wengi wenu mmelificha moyoni: “Baba Mchungaji, ikiwa mbingu ni kubwa namna hiyo, Mungu auona mtaa wetu? Amwona mtoto yule?”

Tazameni, ndugu zangu, hofu ina milango miwili. Asiyeijua mbingu huogopa kwamba kila nuru angani yamtafuta yeye. Aliyeijua kidogo huogopa kwamba hakuna amtafutaye. Ukiufunga mlango wa kwanza na kuuacha wa pili wazi, hujamponya mtu.

Nikamjibu kwa Katekisimo Ndogo, ambayo kila aliyepata kipaimara ameisoma. Luther alipoieleza sehemu ya kwanza ya Imani, mwaka 1529, hakuanza na jua, wala mwezi, wala nyota. Alianza na mimi: kwamba Mungu ameniumba mimi, pamoja na vyote vingine. Kisha akataja macho, masikio, nguo, chakula na nyumba. Hakufanya hivyo kwa kiburi, kana kwamba mimi ni mkubwa kuliko mbingu. Ni imani, kwamba Yeye aliye mkuu kiasi hicho hachoki na yaliyo madogo. Sisi wanadamu tukiwa na mengi twasahau mengine. Mwenye mbuzi mia husahau mmoja. Mungu si hivyo. Wingi wa nyota si sababu ya yeye kutusahau. Ni ushuhuda kwamba kwake wingi haumpotezi mmoja.

Nikamsimulia pia habari ya Johannes Kepler. Alikuwa Mlutheri wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1571, akasoma elimu ya dini akitumaini kuwa mchungaji. Lakini akatumwa kufundisha hesabu. Ndiye aliyeonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1609, kwamba njia ya sayari kulizunguka jua si duara kamili, bali ni duaradufu. Mtu huyu mama yake alishitakiwa kuwa mchawi. Neno lilianza mwaka 1615 kwa jirani aliyesema kwamba alinyweshwa kinywaji akaugua. Mwaka 1620 mama yule, mwenye umri wa zaidi ya miaka sabini, akafungwa kwa minyororo. Kepler akaiacha kazi yake, akasafiri mbali, akaandika utetezi wake, akajibu shitaka moja moja kwa sababu zake, hata mama akafunguliwa mwaka 1621. Nchi ile ilikuwa ya Kilutheri, na watu wake walikuwa wakisoma Biblia. Kwa hiyo tusiseme kwamba jambo hili ni la wapagani tu. Ni la kila mahali ambapo huzuni hutafuta mtu wa kubebeshwa.

Siku ile ile tukapanda mlima pamoja. Tulipofika msibani tukamwamkia mjomba kwa heshima, tukaketi naye kando. Nikamweleza habari za kimondo kama nilivyowaandikia ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Mchungaji, kimondo nimekielewa. Lakini mtoto wetu amekufa kwa nini?”

Hapo nikajua kwamba tangu mwanzo hakuna aliyekuwa akiuliza habari za kimondo. Nikamwambia habari za mbu, za chandarua, na za njia iliyoharibika, maana hayo ni kweli na yatupasa kuyatengeneza. Tena nikamwambia kwamba yule atafutaye mchawi hatatafuta chandarua, na mtoto wa pili atakuwa hatarini. Lakini nikaona machozi yake, nikajua kwamba hayo yaeleza tu jinsi alivyokufa. Kwa nini huyu, na kwa nini sasa, sikuwa na jibu, nami sikumdanganya.

Basi nikafungua Zaburi ya 147, nikasoma aya zile mbili. Na hapo ndipo nilipoliona daraja. Wataalamu waweza kutuambia njia ya jiwe na umri wa nuru, nasi twamshukuru Mungu kwa akili aliyowapa. Lakini darubini haifungi kidonda. Afungaye kidonda ni yule yule azijuaye nyota moja moja. Kama angezijua nyota tu, angekuwa mkuu, nasi tungebaki na huzuni yetu. Kama angewahurumia wenye huzuni tu, asiwe na nguvu, angelia pamoja nasi asiweze kuokoa. Lakini ni mmoja. Mhesabu wa nyota hakumpoteza mtoto wa miaka minne katika hesabu yake. Amjua jina. Na ili tusiwe na shaka, Mwana wake alizaliwa na mwanamke, akalala horini, akalia kaburini pa rafiki, naye mwenyewe akafa na kufufuka.

Mjomba hakusema neno. Tukakaa hata jua likashuka nyuma ya mlima. Kisha mama wa mtoto, ambaye alikuwa amesikiliza akiwa mlangoni, akamwita binti yake mkubwa, akampa kigae, akamwambia, “Nenda kwa bibi kule chini, ukatuombee moto.” Binti akaenda, watu wote wakimtazama. Akarudi na kaa linalowaka, na nyuma yake mjane mwenyewe, amebeba mzigo wa kuni. Akaketi pamoja na wafiwa.

Sisemi kwamba hofu imekwisha katika kijiji kile. Mwinjilisti ameniambia kwamba wako wanaonong'ona hata sasa. Lakini mjomba hakwenda kupiga bao, na njia ya nyumba ya mjane haijaota majani.

Basi, ndugu wainjilisti, nawaomba mambo matatu. Kwanza, wafundisheni watu habari za mbingu kabla ya msiba kuja. Watoeni watoto nje usiku usio na mawingu, wakione Kilimia na yale mawingu mawili ya kusini, wajifunze kustaajabu kabla hawajajifunza kuogopa. Pili, mkisikia neno la kumshitaki mjane au mzee, msingoje liwe kubwa. Nendeni kwake mchana, watu wakiwaona, mkaketi, mkale chakula chake. Tatu, mkimfariji mfiwa, msijidai kujua yale ambayo Mungu hakuwafunulia. Mwambieni hili mlijualo: kwamba jina la mtu wake halikusahauliwa.

Bwana aliyeziwasha nyota awashe nuru katika nyumba zenu, na aliyezipa majina awakumbuke wale mliowalaza katika udongo wa Uluguru, hata siku ile atakapowaita. Amina.